Sir Albert Kitson: Mtumishi wa Umma Aliyegundua Manganisi ya Nsuta

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Serikali inapotangaza kwamba katika eneo fulani kuna mashapo ya madini ya tani milioni kadhaa, mwananchi husikia tarakimu hiyo kama habari iliyokamilika. Mara nyingi hajui ilipatikanaje, nani aliihesabu, na ni kwa kiasi gani inaweza kuaminiwa. Hata hivyo, tarakimu hiyo ndiyo inayoamua mambo mengi yanayofuata: reli itapita wapi, bandari ijengwe au isijengwe, ardhi ya nani itachukuliwa, na hazina ya nchi itarajie nini.

Miongoni mwa watu waliojenga msingi wa hesabu za namna hiyo barani Afrika ni Sir Albert Ernest Kitson, mjiolojia aliyeongoza Idara ya Jiolojia ya koloni la Gold Coast, ambalo leo ni Jamhuri ya Ghana, kuanzia mwaka 1913 hadi mwaka 1930. Jina lake limefungamana na manganisi ya Nsuta, almasi za bonde la mto Birim, boksiti ya Ghana na bwawa la Akosombo. Mwishoni mwa maisha yake alifika pia Afrika Mashariki, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakamega. Makala haya yanaeleza maisha yake, kazi aliyoifanya, na jinsi kiasi cha manganisi kilichomo ardhini kinavyokadiriwa.

Kutoka ukarani hadi kwenye miamba

Kitson alizaliwa mwaka 1868 karibu na mji wa Manchester nchini Uingereza. Akiwa bado mtoto alihamia pamoja na wazazi wake katika koloni la Victoria, Australia, na huko ndiko alikolelewa na kusoma. Hakuingia katika jiolojia kwa njia ya mkato. Alianza utumishi wa umma akiwa karani, akahamia katika idara ya madini, na akajiendeleza kimasomo huku akiendelea na kazi yake ya ofisini. Kwa bidii hiyo alitoka kwenye meza ya ukarani na kuwa mjiolojia wa serikali.

Victoria ya wakati huo ilikuwa shule nzuri kwa kijana mwenye macho ya kuona. Ilikuwa nchi ya dhahabu, na serikali yake ilikwisha kujifunza kwamba bila ramani za miamba, uchimbaji hugeuka kuwa bahati nasibu. Kitson alipewa kazi ya kupita porini, kuchora ramani, kuchunguza mapango na kutafuta makaa ya mawe. Pamoja na miamba, alipenda ndege na mimea. Upo mkalitusi mmoja wa kusini mashariki mwa Australia ambao wataalamu wa mimea waliupa jina lake, Eucalyptus kitsoniana.

Mazoea hayo ya kutazama kila kitu njiani, yaani mti, udongo, maji na jiwe, yalimfaa sana baadaye. Mjiolojia wa zama zile hakuwa na picha za satelaiti wala ndege ya kupimia sumaku ya ardhi. Alikuwa na miguu yake, nyundo, dira, daftari na wapagazi.

Nigeria na makaa ya Enugu

Mwaka 1906 Kitson aliteuliwa kuongoza Upimaji wa Madini wa Nigeria ya Kusini. Kazi ilikuwa kupita katika misitu na mito, kukusanya sampuli, kuziorodhesha na kuzipeleka London ili zipimwe katika maabara ya Imperial Institute. Mwaka 1909 kundi lake lilitambua makaa ya mawe katika eneo la Udi, mahali ambapo baadaye ulichipuka mji wa Enugu.

Uchimbaji ulianza mwaka 1915, na mwaka uliofuata reli iliunganisha machimbo hayo na Port Harcourt, bandari mpya iliyofunguliwa kwa ajili ya mzigo huo. Hivyo, katika muda wa miaka 7 tu, mstari mmoja kwenye ramani ya mjiolojia ulizaa mgodi, reli, bandari na mji.

Historia ya Enugu inaonesha pia upande wa pili wa ugunduzi. Mgodi ule uliendeshwa na serikali ya kikoloni kwa kazi ngumu ya wenyeji waliolipwa ujira mdogo. Tarehe 18 Novemba 1949, miaka mingi baada ya Kitson kuondoka, askari polisi waliwafyatulia risasi wachimbaji waliokuwa wakidai haki zao katika bonde la Iva, na wachimbaji 21 wakafa. Tukio hilo liliingia katika historia ya harakati za uhuru wa Nigeria. Mjiolojia hakuwapo, wala hakutoa amri. Hata hivyo, kisa hiki kinakumbusha kwamba kugundua madini ni jambo moja, na kuamua nani atanufaika nayo ni jambo jingine.

Manganisi karibu na reli

Mwaka 1913 Kitson alikabidhiwa uongozi wa idara ya jiolojia ya Gold Coast. Koloni hilo lilijulikana kwa dhahabu tangu karne nyingi, na reli kutoka bandari ya Sekondi ilikwisha kufika Tarkwa mwaka 1901 na Kumasi mwaka 1903. Nchi iliyokuwa pande zote mbili za reli hiyo, hata hivyo, ilikuwa bado haijachorwa ipasavyo kijiolojia.

Mwaka 1914 alitambua mashapo makubwa ya manganisi huko Nsuta, kusini mwa Tarkwa, takriban kilomita 60 kutoka pwani. Jambo la kushangaza ni kwamba mashapo hayo yalikuwa kando kabisa ya reli. Kwa zaidi ya miaka 10 treni zilipita hapo zikibeba watu na mizigo ya migodi ya dhahabu, na hakuna aliyejua kwamba vilima vyeusi vilivyokuwa jirani vilibeba utajiri mwingine.

Sababu yake inaeleweka. Katika nchi za joto na mvua nyingi, juu ya miamba huota gamba gumu lenye chuma kingi, jekundu au la kahawia. Mvua huyeyusha na kuondoa sehemu nyingine za mwamba, na chuma hubaki. Manganisi hufuata mkondo huo huo. Kwa hiyo mbale ya manganisi hukutwa imechanganyika na chuma, imefunikwa na chuma, au imelala kando ya mawe yenye chuma yanayofanana nayo kwa uzito na rangi. Mtu asiyezoea huyaona yote kuwa mawe meusi yasiyo na kazi.

Mjiolojia hutofautisha kwa majaribio mepesi. Hulisugua jiwe kwenye kigae cheupe kisicho na rangi ya kung'arisha: mbale ya chuma huacha alama nyekundu au ya manjano iliyokoza, ilhali mbale ya oksidi ya manganisi huacha alama nyeusi. Huchukua pia unga kidogo wa jiwe na kuuyeyusha pamoja na boraksi katika ncha ya mwali wa moto. Ikiwa manganisi imo, tone la kioo linalopatikana hugeuka kuwa la zambarau. Majaribio hayo hufanyika porini, bila maabara, na hujibu swali la kwanza tu: madini haya ni nini.

Swali la pili: ni kiasi gani?

Swali gumu zaidi ni la kiasi, na hapo ndipo serikali huhitaji mtaalamu anayeaminika. Kanuni yenyewe si ngumu kuieleza. Kwanza hupimwa eneo ambalo mashapo yamelala. Pili hupimwa unene wake. Eneo likizidishwa kwa unene hutoa ujazo. Ujazo ukizidishwa kwa uzito wa kila mita ya ujazo hutoa tani za mbale. Tani hizo zikizidishwa kwa kiwango cha manganisi kilichopatikana maabara hutoa tani za manganisi yenyewe.

Tuchukue kilima cha mfano chenye mashapo ya urefu wa mita 100, upana wa mita 50 na unene wa mita 10. Ujazo wake ni mita za ujazo 50,000. Ikiwa kila mita ya ujazo ina uzito wa tani 4, kilima hicho kina tani 200,000 za mbale. Ikiwa nusu ya uzito huo ni manganisi, tani za manganisi ni 100,000.

Hesabu hiyo hupendeza kwenye karatasi, lakini kila kipengele chake kina mtego. Unene ukiwa mita 5 badala ya 10, kiasi chote hupungua kwa nusu. Mbale ikiwa na matundu mengi, kama zilivyo mbale nyingi za juu ya ardhi, uzito wake huwa pungufu ya tani 4. Mvua huongeza maji ndani ya mbale, na maji hupimwa kama mali yasipokaushwa kwanza. Mawe yaliyoporomoka kutoka kileleni hufunika mtelemko mzima, na mtu anayepima uso wa kilima tu hudhani kwamba mwamba ulio chini unafanana na mawe yaliyolala juu.

Mtego mkubwa kuliko yote ni chuma. Katika miamba yenye chuma kingi, manganisi haikai kwa usawa. Hatua kumi kutoka mahali penye asilimia 50 ya manganisi mtu huweza kukuta asilimia 20, na sehemu iliyobaki ikawa chuma na mchanga. Mnunuzi wa mbale kwa kazi ya chuma cha pua na feleji hulipa bei nzuri kwa manganisi nyingi yenye chuma kidogo. Kwa sababu hiyo haitoshi kusema kilima kina manganisi. Ni lazima kusemwe kina manganisi ya kiwango gani, wapi, na imechanganyika na nini.

Dawa ya mitego hiyo ni kazi ya jasho. Huchimbwa mitaro inayokata kilima kutoka upande mmoja hadi mwingine. Huchimbwa mashimo ya uchunguzi kwa umbali uliopangwa, na baadaye hufuata uchorongaji wa kwenda chini zaidi. Kutoka kila shimo huchukuliwa sampuli kwa vipimo sawa, si jiwe zuri lililopendeza jicho. Kadiri mashimo yanavyokuwa karibu karibu, ndivyo makadirio yanavyokuwa ya kuaminika. Ndiyo maana hadi leo wataalamu hutenganisha kiasi kilichopimwa kwa karibu, kiasi kinachoashiriwa na vipimo vichache, na kiasi kinachokisiwa tu kutokana na umbo la miamba. Kuyachanganya makundi hayo matatu katika tarakimu moja ni kumpotosha mwananchi na mwekezaji kwa pamoja.

Kazi ya mitaro, mashimo na kubeba sampuli katika Gold Coast ilifanywa na wenyeji. Wapagazi walibeba vichwani mahema, vyakula na masanduku ya mawe. Waongozaji walijua vijito, mapito na mahali penye mawe yasiyo ya kawaida. Majina ya wengi wao hayakuandikwa kwenye ramani zilizotokana na kazi yao.

Vita yaharakisha uchimbaji

Ugunduzi wa Nsuta uliangukia mwaka ambao Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza. Manganisi si madini ya anasa. Katika kuyeyusha feleji, huondoa oksijeni na kudhibiti salfa, vitu ambavyo huifanya feleji ipasuke inapofuliwa. Feleji yenye manganisi nyingi, iliyovumbuliwa na Robert Hadfield mwaka 1882, ni ngumu kulika, nayo ilitumika kwenye makutano ya reli, mashine za kusaga mawe na, wakati wa vita hiyo, kofia za askari.

Kabla ya vita, sehemu kubwa ya manganisi ya dunia ilitoka Chiatura, katika Georgia iliyokuwa chini ya Urusi, na kusafirishwa kupitia Bahari Nyeusi. Dola ya Uturuki ilipofunga mlango wa Dardanelles mwaka 1914, njia hiyo ilikatika. Viwanda vya Uingereza vilihitaji chanzo kingine, na Nsuta ilikuwa na sifa mbili ambazo mashapo mengi hayana: mbale bora karibu na uso wa ardhi, na reli mlangoni.

Uchimbaji ulianza mwaka 1916. Mbale ilisafirishwa kwa treni hadi Sekondi, na kwa kuwa meli kubwa hazikuweza kutia gati hapo, mzigo ulipelekwa melini kwa matishari. Mwaka 1923 iliundwa kampuni ya African Manganese, iliyopanua machimbo hayo. Gavana Gordon Guggisberg, aliyeongoza koloni kuanzia mwaka 1919 hadi 1927, alipanga ujenzi wa bandari ya kina kirefu huko Takoradi, nayo ilifunguliwa mwaka 1928. Kakao na mbao zilihitaji bandari hiyo, lakini manganisi, mzigo mzito unaohitaji meli kubwa, ilikuwa miongoni mwa hoja zake zenye nguvu.

Almasi, boksiti na korongo la Volta

Wakati mgodi wa Nsuta ukikua, Kitson aliendelea kutembea. Mwezi Februari mwaka 1919 almasi za kwanza za koloni hilo zilipatikana Abomosu, katika bonde la mto Birim. Ugunduzi huo ulifungua uchimbaji ambao kwa miongo mingi uliiweka Ghana miongoni mwa nchi zinazotoa almasi duniani. Kitson alitambua pia mashapo ya boksiti, udongo mwekundu unaotoa alumini, katika vilima vya koloni hilo.

Mwaka 1915, alipokuwa akisafiri kwa mtumbwi katika mto Volta, aliliona korongo la Akosombo, mahali ambapo mto mpana unabanwa kati ya vilima. Aliunganisha mambo mawili aliyoyajua: boksiti haiwi alumini bila umeme mwingi, na mto unaobanwa namna ile unaweza kuzuiliwa ukatoa umeme. Mawazo hayo aliyaweka wazi katika taarifa rasmi ya idara yake iliyochapishwa mwaka 1925 kuhusu madini na nguvu za maji za Gold Coast.

Taarifa hiyo ilikuwa ya umma. Hilo ni jambo la kuzingatia. Mtafiti wa kampuni binafsi huficha alichokiona mpaka mwajiri wake apate leseni. Mjiolojia wa serikali huandika ili yeyote aweze kusoma, pamoja na watakaokuja baada yake. Ilichukua miaka mingi wazo la Akosombo kutekelezwa. Serikali ya Kwame Nkrumah ilianza ujenzi mwaka 1961, na bwawa likazinduliwa tarehe 22 Januari 1966. Watu wapatao 80,000 walihamishwa kupisha ziwa hilo. Umeme wake ulikwenda kwenye kiwanda cha alumini cha Tema, ambacho hata hivyo kwa miongo mingi kilitumia malighafi kutoka nje badala ya boksiti ya Ghana yenyewe. Mjiolojia alionesha rasilimali zote mbili. Kuziunganisha kulitegemea mikataba ambayo haikuwa mikononi mwake.

Kitson alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1927, na mwaka huo huo Jumuiya ya Jiolojia ya London ilimpa Nishani ya Lyell. Alistaafu uongozi wa idara mwaka 1930.

Afrika Mashariki na swali la Kakamega

Kazi ya Kitson iligusa Afrika Mashariki kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupitia Edmund Teale, mjiolojia kutoka Australia aliyefanya kazi katika idara ya Gold Coast, ambaye baadaye aliongoza Idara ya Jiolojia ya Tanganyika yenye makao yake hapa Dodoma. Utaratibu wa kuchora ramani, kuorodhesha sampuli na kuchapisha taarifa za kila mwaka ulijengwa Tanganyika katika miaka hiyo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ambayo bado ina makao yake Dodoma, ndiyo mrithi wa kazi hiyo.

Njia ya pili ni ziara yake nchini Kenya. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, katika eneo lililoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini, na mamia ya watafutaji wa Kizungu wakakimbilia huko. Kitson, ambaye alikwisha kustaafu, alikwenda kulichunguza eneo hilo kwa niaba ya serikali, na ripoti yake ya awali ikatolewa mwaka 1932. Miamba ya Kakamega ni ya jamii moja na miamba ya kale inayozunguka Ziwa Victoria upande wa Tanzania, ikiwamo ile yenye matabaka ya chuma inayobeba dhahabu ya Geita.

Lakini ardhi ya Kakamega haikuwa pori tupu. Ilikuwa mashamba na makaburi ya Waluhya, katika mojawapo ya maeneo yenye watu wengi zaidi nchini Kenya. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi iliyotengwa kwa ajili ya Waafrika ingekuwa yao milele, na kwamba kipande chochote kikichukuliwa, wangepewa ardhi nyingine ya kulingana nacho. Mwezi Desemba mwaka 1932, miaka miwili tu baadaye, Serikali ya Kenya iliibadilisha sheria hiyo ili fidia iweze kulipwa kwa fedha na uchimbaji usicheleweshwe. Mabadiliko hayo yalizua malalamiko makubwa Kenya na katika Bunge la Uingereza.

Hapa ndipo uzito wa makadirio unapoonekana. Ahadi ya milele ilivunjwa kwa matarajio ya dhahabu ambayo kiasi chake kilikuwa bado kinachunguzwa. Machimbo ya Kakamega yalifikia kilele chake katika miaka ya 1930, na mgodi mkubwa kuliko yote, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952. Dhahabu ilidumu kwa kipindi kifupi cha maisha ya mtu mmoja. Wenyeji walioondolewa kwenye mashamba yao waliishi na matokeo yake kwa muda mrefu zaidi.

Kilichobaki baada yake

Sir Albert Kitson alifariki dunia tarehe 8 Machi 1937 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 68. Alikuwa mtumishi wa dola ya kikoloni, na kazi yake ilikusudiwa kwanza kuinufaisha dola hiyo. Hilo halifichiki. Lakini ramani na taarifa alizoziacha zilibaki katika nchi alizozifanyia kazi, na serikali za nchi huru zilizirithi na kuzitumia.

Mgodi wa Nsuta ulichukuliwa na Serikali ya Ghana katika miaka ya 1970, kisha katika miaka ya 1990 ukaingia mwekezaji binafsi huku Serikali ikibaki na sehemu yake. Historia yake ina somo la ziada kuhusu makadirio. Mbale iliyosafirishwa tangu mwaka 1916 ilikuwa ya oksidi, nyeusi, iliyotokana na mwamba kuoza karibu na uso wa ardhi. Mbale hiyo ilipopungua, watu wangeweza kudhani kwamba mgodi umefika mwisho. Lakini chini yake kulikuwa na manganisi ya aina nyingine, ya kaboneti, yenye kiwango cha chini zaidi lakini ikipatikana kwa wingi. Ilipopata soko, mgodi uliendelea, na hadi leo Nsuta inachimbwa, zaidi ya miaka 100 tangu treni ya kwanza ya manganisi ilipoteremka kwenda Sekondi.

Mwamba wa Nsuta haukubadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni maarifa ya watu, bei na mahitaji ya viwanda. Kwa hiyo makadirio ya madini si kipimo cha mwamba peke yake. Ni taarifa ya kile kinachojulikana kwa siku ile, kwa mashimo yaliyochimbwa hadi siku ile, na kwa bei ya siku ile. Makadirio yakipanda, si lazima ardhi iwe imetajirika, na yakishuka, si lazima kuwe na aliyeiba.

Kwa mwananchi anayefuatilia matangazo ya madini, maisha ya Kitson yanampa maswali machache ya kuuliza kila anaposikia tarakimu mpya. Mashimo mangapi yamechorongwa, na kwa umbali gani? Kiwango cha madini ni asilimia ngapi, na yamechanganyika na nini? Sehemu ipi imepimwa na ipi imekisiwa? Nani anaishi juu ya ardhi hiyo, na ameahidiwa nini? Majibu ya maswali matatu ya kwanza hutoka kwa wajiolojia. Jibu la swali la nne hutoka kwa Serikali na wananchi wenyewe, na kama ilivyoonekana Kakamega mwaka 1932, linapaswa kupatikana kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini.